Tupa Uchawi, Shika Tupa

Mwezi huu safu yetu haizungumzii zawadi wala namna ya kumrudisha mpenzi aliyenuna. Tunatoka nje kidogo. Tunakwenda uani, kwenye zile nyasi mlizopanda kwa mbwembwe mlipohamia nyumba mpya, ambazo sasa hivi zimekauka kama mkeka wa zamani.

Najua utasema, nyasi na mapenzi wapi na wapi? Subiri nikupe kisa. Kuna wanandoa rafiki zangu hapa Sumbawanga, bwana yuko benki, bibi ni muuguzi. Walijenga pembezoni mwa mji, bwana akanunua mashine ya kukatia majani kwa pesa ambayo mwenzake alikuwa ameitenga kwa ajili ya dari. Wakanuniana wiki mbili, yakaisha. Mvua zilipokatika mwezi wa nne, mashine ikasukumwa stoo na petroli yake ndani. Novemba mdogo wake bibi akaja kutoka kijijini baada ya mtihani wa kidato cha nne, akaambiwa akate majani. Akavuta kamba weee, mashine kimya! Bwana aliporudi kazini akatoa hukumu papo hapo: shemeji ameiua mashine. Maneno yakawa mengi, kijana akafunga begi akarudi kwao. Wiki iliyofuata fundi akafungua kabureta na kukuta utando wa petroli iliyokaa humo miezi saba. Mashine ilikuwa imeshakufa kabla kijana hajaigusa. Ikabidi bwana apande gari hadi kijijini kuomba radhi mbele ya wakwe.

Wenyeji wanatuambia kuwa jina Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Mimi naongeza: ukishatupa uchawi, shika tupa, ile ya kunolea. Mambo mengi tunayomtwika mwenzetu, au ndugu wa mwenzetu, ni matunzo tu yaliyosahaulika.

Jua majira ya huku kwetu

Ushauri mwingi wa bustani unatoka Dar es Salaam, na Dar wana vuli na masika. Ufipa ni juu, mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mvua ni msimu mmoja tu: kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka Oktoba, na Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo nyasi zako zina maisha mawili kwa mwaka, kukua na kulala. Usizilazimishe kufanya yote kwa wakati mmoja.

Nyasi zinazotufaa ni zile zinazotambaa. Ukoka wetu wa kawaida ni mgumu, unastahimili jua na miguu ya watoto. Nyasi za kikuyu zina asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa hiyo baridi ya hapa hazishangai, na zimepelekwa mpaka Afrika Kusini na Australia kupamba viwanja vya wenzetu. Ila zina tabia ya kuvamia. Usipoziwekea mpaka zitaingia kwenye mchicha wa mama, na hapo ugomvi mwingine utaanza.

Mvua zikianza

Panda vipando vyako ardhi ikishalowa vizuri, siyo siku ya mvua ya kwanza. Weka samadi iliyooza, na tafadhali ile mbolea ya ruzuku muiache iende kwenye mahindi kama ilivyokusudiwa.

Kanuni ya kukata ni moja tu, ishike: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Nyasi zikifika sentimita 9, kata 3. Ukizinyoa upara kwa siku moja kwa sababu wakwe wanakuja, utazidhoofisha mizizi na magugu yatapata nafasi. Katikati ya msimu, Januari na Februari, inaweza kukulazimu kukata kila wiki. Subiri zikauke umande kwanza. Nyasi mbichi zenye maji huchanika badala ya kukatika, na huziba mashine chini.

Majani yaliyokatwa usiyachome. Ukikata kidogo kidogo, yaache palepale yaoze, yanarudisha chakula kwenye udongo. Yakiwa mengi, yapeleke kwenye bustani ya mboga. Mabibi na mababu wa Ufipa walilijua hili zamani sana kabla ya sisi wenye digrii. Intumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa, hutengenezwa kwa kukata udongo pamoja na nyasi zake na kuzifukia ndani mpaka zioze ziwe mbolea. Hiyo ndiyo mboji ambayo leo tunafundishwa kwenye semina.

Na kabla sijasahau: kufyeka nyasi peke yake hakukulindi na malaria. Mbu huyo huzaliwa kwenye maji yaliyotuama. Angalia madimbwi, makopo na mfereji uliojaa takataka.

Kiangazi kikiingia

Kata mara ya mwisho mwezi wa nne au wa tano, na safari hii ziache ndefu kidogo ili zifunike udongo. Kuanzia Juni zitaanza kuwa kahawia. Usipaniki! Ukoka na kikuyu vina mashina chini ya ardhi, na hayo hulala kusubiri mvua. Fukua kidogo uone. Ukikuta shina ni gumu na jeupe ndani, hapo pana uhai.

Dada, kaka, naomba tuelewane hapa. Mwezi wa tisa bomba likitoa maji kwa kudonoa, kumwagilia majani mbele ya jirani anayebeba ndoo siyo ufahari. Maji ya kusuuzia mboga yanatosha kwa kipande kidogo karibu na baraza. Kwingine acha palale. Lakini acha ukanda mtupu, usio na majani makavu, kuzunguka nyumba na stoo. Huu ni msimu wa moto, na upepo wa Ufipa unaujua.

Sasa mashine yenyewe

Kama una fyekeo tu, usione aibu. Linole kabla ya kazi na litafanya maajabu. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe kwenye tanuru ndefu na kufua majembe, kwa hiyo chuma chenye makali siyo kitu kigeni huku. Kwa wenye mashine ya petroli, haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Petroli. Ikikaa zaidi ya mwezi mmoja huanza kuharibika. Kabla ya kuingiza mashine stoo, mwaga iliyobaki kwenye tangi, kisha washa injini mpaka izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Dakika kumi hizi ndizo zingemwokoa yule shemeji.

2. Oili. Mashine ya kusukuma huwa na oili yake peke yake. Ikiwa mpya, ibadilishe baada ya saa 5 za kwanza, halafu kila saa 50 au mara moja kwa msimu. Zile za kuvaa begani nyingi huchanganya oili na petroli, na kipimo kimeandikwa kwenye kitabu chake. Usikadirie kwa macho.

3. Chujio la hewa. Vumbi la kiangazi chetu si la mchezo. Likiwa la sponji, lioshe kwa sabuni, likauke kabisa. Likiwa la karatasi, likung'ute au ununue jingine.

4. Kisu. Ncha za nyasi zikibaki nyeupe na zimechanika, kisu ni butu. Kitoe, kinole kwa tupa kwa kufuata mteremko uleule, halafu kining'inize kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, punguza upande huo. Kisu kisicho na uwiano hutetemesha mashine nzima.

5. Mwinuko. Hapa juu hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwetu ni kama asilimia 15 hadi 20. Usidhani umeuziwa feki. Kata nyasi fupi fupi, tembea polepole, na ukiona plagi ina masizi meusi mwambie fundi arekebishe kabureta kwa mwinuko huu.

Na la usalama sitaki mjadala: kabla mkono haujaenda chini ya mashine, chomoa waya wa plagi. Kisu kikizungushwa kwa mkono kinaweza kuwasha injini. Okota mawe na vipande vya waya kabla ya kukata, vaa viatu vya kufunika vidole, na watoto wawe ndani. Huyo kijana mnayemwita kila Jumamosi naye ana vidole kumi, mnunulieni mabuti.

Haya, nani akate?

Hapa ndipo ninapopokea maswali mengi. Bwana anataka nyasi za kuegeshea gari na kuketi na wageni. Bibi anataka chainizi na figiri za kupunguza bajeti ya sokoni. Wote mko sawa! Pimeni uwanja, mgawane, wekeni mpaka wa matofali. Mashine mkiinunua, iwe ni uamuzi wa wawili, na mjue pia nani anaitunza. Andikeni mwezi wa kubadilisha oili kwenye kalenda ileile mnayoandika ada za watoto. Hakuna sheria inayosema mwanamke hawezi kunoa kisu, wala mwanaume hawezi kumwagilia mchicha.

Na siku mashine ikigoma, kabla ya kuuliza "nani kaigusa?", uliza kwanza petroli ni ya lini, chujio likoje, plagi ikoje. Hayo maswali matatu hayamvunjii mtu heshima, na mara nyingi jibu limo humo humo.

Mvua ziko njiani jamani. Wikiendi hii toeni mashine stoo, mmoja ashike tupa, mwingine ashike chai. Tukutane mwezi ujao!