Siku moja kwenye bahari ya Dar es Salaam si kula feza ya biashara

Mama mfanyabiashara anayetoka Uvira, Bukavu ao Lubumbashi kwenda kununua bidhaa Dar es Salaam anaweza kumaliza juma nzima katika mji ule bila kukanyaga mchanga wa bahari. Asubuhi ni Kariakoo, mangaribi ni chumba cha wageni, kesho yake ni Kariakoo tena. Sababu si kukosa wakati peke yake. Sababu kubwa ni maneno ya watu.

Picha moja ya mama akisimama ndani ya maji ikifika kwenye WhatsApp ya familia, maneno yanaanza siku ileile: feza ya likelemba anaikulia huko. Mwanaume akituma picha kama hiyo, anaitwa mtu aliyetembea. Mwanamke anaitwa mharibifu. Hukumu hiyo si ya haki, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha hivyo.

Toka Kariakoo mpaka Feri, fasi pantoni inapopakia watu, mwenye nguvu anaenda kwa miguu. Mwingine anapanda bisi ya mwendokasi mpaka Kivukoni. Pantoni ya serikali inavusha mtembea kwa miguu kwa shilingi 200, ambazo hazifiki hata senti 10 za dola. Kisha dakika chache anashuka Kigamboni, na pale daladala zinaelekea Mjimwema, kwenye mchanga mweupe. Akibeba chakula na maji yake, gharama kubwa inabaki nauli. Fasi zingine zina wenyewe na wanaomba kiingilio. Kuuliza bei mbele ya kuingia si haya. Asiyependa kuvuka ana Coco Beach, upande wa Oysterbay, fasi watu wanaingia bure na mihogo ya kukaanga inauzwa pembeni.

Pantoni ile si chombo cha watalii. Mwaka 2012, nauli ilipopandishwa toka shilingi 100 mpaka 200, wakaaji wa Kigamboni walilalamika kwa nguvu, kwa sababu wao wanavuka kila siku kwenda kazi. Mama wa Kongo anayeketi kati yao anapita njia ya wanainchi wa kawaida, si ya matajiri.

Wengine watasema kwamba siku bila kununua ni hasara. Lakini kila safari ina siku za kungojea tu: karatasi za duane hazijatoka, ao gari la mizigo halijajaa. Chumba kinalipwa vilevile, mtu akilala ndani ao akitoka. Tena mwenye kuchoka ananunua vibaya: hachunguzi kitambaa, hahesabu chenji, anakubali bei ya kwanza. Kupumzika siku moja kunalinda feza hiyohiyo watu wanayoiogopea.

Ni kweli Kongo ina bahari yake, kule Muanda. Lakini pwani hiyo ni fupi, karibu kilometa 40 tu, na kwa mtu wa Bukavu ao Lubumbashi iko mbali kuliko Dar es Salaam. Kwa wengi wa mashariki, safari ya biashara ndiyo nafasi pekee ya kuona bahari.

Hatari ya kweli iko ndani ya maji, si katika feza. Aliyekomaa kando ya Tanganyika ao Kivu asizani kwamba anaijua bahari. Pale Dar es Salaam maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti inapita metre 3. Mchanga uliokuwa mkavu saa nne ya asubuhi unaweza kufunikwa saa kumi. Asiyejua kuogelea abaki fasi maji yanapofika kwenye magoti, na aulize wenyeji mbele ya kuingia.

Familia na memba wa likelemba wana haki ya kuomba mahesabu: bidhaa ngapi zimenunuliwa, kwa bei gani, deni gani limebaki. Mahesabu yakiwa sawa, picha ya bahari isiwe kesi. Na wamama waliokwisha kufika pale wasifiche picha zao. Wazilete nyumbani, wawaonyeshe watoto, wawaambie kwamba maji yale ni ya chumvi, na kwamba kuyafikia kuliomba shilingi 200.