Saa ya dhahabu inayojificha chini ya shati

Katika harusi za Jumamosi mjini Butembo, macho ya vijana huenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto wa wageni wa heshima. Wanatafuta saa kubwa ya chuma, yenye pete nyeusi au ya kijani kuzunguka kioo, na ile alama ya taji lenye ncha tano. Ni Rolex, au ni kitu kilichoandikwa Rolex. Pembeni ya mwenye saa hiyo anaweza kuwa ameketi mzee aliyevaa saa nyembamba ya dhahabu, ya mkanda wa ngozi, ambayo nusu yake imejificha chini ya shati. Hakuna anayeiangalia mara mbili. Lakini mzee ndiye aliyechagua vizuri, na huenda saa yake imetoka katika kiwanda kile kile.

Kuna watakaouliza kwa nini kuzungumzia saa za matajiri wakati Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwezi Juni 2024, Alimbongo ikafuata Desemba mwaka huo huo, na familia za Lubero zimelala katika madarasa na makanisa ya watu wengine. Swali ni la haki. Lakini namna mwenye mali anavyovaa mali yake mbele ya jirani aliyepoteza shamba na nyumba ni jambo linalohusu vita pia. Tena dhahabu ya saa hizo ni madini yale yale ambayo watu wa Manguredjipa, magharibi ya Lubero, wanayatoa matopeni kila siku.

Tuanze na kiwanda chenyewe. Rolex ilizaliwa London mwaka 1905, kazi ya Mjerumani Hans Wilsdorf pamoja na Alfred Davis, na jina Rolex likaandikishwa mwaka 1908. Baadaye ikahamia Geneva, Uswisi. Sifa yake ilitoka majini: mwaka 1926 ilitoa saa ya Oyster, isiyoingiza maji, na mwaka 1927 mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia nayo katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Baada ya zaidi ya saa kumi katika maji ya baridi, ile saa ilikuwa bado inatembea. Wilsdorf, ambaye alijua biashara kuliko wengi, akajaza gazeti na habari hiyo. Tangu hapo Rolex imeuzwa kama chombo cha watu wa kazi ngumu. Submariner ya mwaka 1953 ni ya wapiga mbizi. GMT-Master ya mwaka 1955 ilitengenezwa kwa marubani wa Pan Am, na Daytona ya mwaka 1963 kwa madereva wa mashindano ya magari.

Sasa tuzilete saa hizo kwetu. Submariner ya leo inavumilia kina cha mita 300. Ziwa Edward, maji makubwa yaliyo karibu zaidi na Butembo, halifikii hata mita 120 pale lilipo na kina kirefu kabisa. Mvuvi wa Kyavinyonge anaingia ziwani bila saa yoyote na anarudi na samaki. Daytona ina vipimo vya kuhesabu mwendo wa gari hadi kilometa 400 kwa saa. Atakayeivaa kwenye barabara ya taifa namba 2 wakati wa mvua, gari likiwa limezama matopeni na vijana wanalisukuma kwa malipo, atakuwa na muda wa kutosha kufikiria alichonunua. Ni Explorer peke yake inayoweza kujitetea kidogo, maana ni saa ya wapanda milima, na Rwenzori yenye mita 5,109 iko hapo hapo juu ya Mutwanga.

Mtu haoni haya kununua kitu asichokihitaji, hilo linaeleweka. Wengi duniani wanaovaa Submariner hawajawahi kupiga mbizi. Tatizo ni kwamba saa hizo zimefanywa zionekane kutoka ng'ambo ya barabara, na kwetu kuonekana kuna gharama yake.

Hapo ndipo inapoingia ile familia nyingine ambayo Rolex ilikuwa nayo kwa zaidi ya nusu karne na ambayo wapenzi wa saa waliipita bila kuisalimu: Cellini. Jina ni la Benvenuto Cellini, fundi wa dhahabu na mchongaji wa Firenze, Italia, aliyeishi karne ya 16. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Hizi hazikuwa saa za chuma. Kwa kawaida zilitengenezwa kwa dhahabu ya karati 18, na chache kwa platini. Nyingi za zamani ni nyembamba, hazina tarehe, hazina pete ya kuzunguka, na hazitumii betri. Mwenyewe anazungusha kichwa chake kidogo kwa vidole kila asubuhi, kama babu zetu walivyofanya na saa za mfukoni. Mwaka 2014 kiwanda kiliifufua familia hiyo kwa saa tatu za kipenyo cha milimita 39, na mwaka 2017 ikaja nyingine inayoonyesha mwezi, ambapo mwezi mpevu umekatwa kutoka kipande cha kimondo. Kisha mwaka 2023 Cellini ikafungwa. Mahali pake pakawekwa saa inayoitwa 1908, kwa heshima ya ule mwaka wa jina: milimita 39 kwa upana, milimita 9.5 kwa unene, na mgongo wa kioo ili mwenyewe aone mashine inavyofanya kazi.

Angalia vizuri hilo la mgongo. Sehemu ya saa iliyopambwa zaidi inalala juu ya ngozi ya mwenyewe, wala mgeni hawezi kuiona.

Kwa nini dunia iliipita Cellini? Kwa sababu haitambuliki. Anayenunua Rolex mara nyingi ananunua kutambuliwa. Kwa miaka mingi watu walipanga foleni kwa ajili ya saa za michezo za chuma, wakazilipia kwa wachuuzi bei inayozidi ile ya dukani, huku Cellini ya dhahabu tupu ikilala kwenye kabati na kuuzwa mtumba chini ya bei yake ya kwanza. Chuma kilishinda dhahabu. Mwambie hivyo mnunuzi wa dhahabu wa Butembo na atafikiri unamchezea akili.

Kinshasa ina historia yake ya mavazi. Sape iliwafundisha vijana wa mji mkuu kwamba nguo ni maneno, na Papa Wemba, aliyefariki Abidjan mwaka 2016, aliifanya ijulikane duniani kote. Sapeur anakuonyesha jina la fundi lililoshonwa ndani ya vesti, anapandisha suruali ili uone viatu. Ni sanaa, na ina furaha yake. Ila Butembo haikujengwa hivyo. Huu ni mji wa wafanyabiashara waliopita Kampala, Dubai, Hong Kong na Guangzhou, wakarudi na kontena za bidhaa, wakajenga nyumba za ghorofa bila kungoja serikali, na bado ukikutana na mmoja wao sokoni unaweza kumwomba akusaidie kubeba mzigo ukidhani ni kibarua. Kujificha kidogo ni desturi ya hapa. Zamani ilikuwa adabu tu. Siku hizi, wezi wenye silaha wanapogonga milango usiku na watekaji wanapochagua wa kumteka kwa kumtazama, imekuwa pia akili ya kuishi.

Na hali ya hewa inakubali. Butembo na Lubero ziko juu milimani, asubuhi ni baridi na watu wanavaa mikono mirefu na makabuti sehemu kubwa ya mwaka. Saa nene ya mpiga mbizi inagoma kwenye kishikizo cha shati, inakunja kitambaa, inalazimisha mkono ubaki nje. Saa nyembamba inaingia chini na kukaa. Mwenyewe akitaka kujua muda anavuta shati kwa kidole, anaangalia, anaachia.

Lazima mabaya yake yasemwe pia. Dhahabu ya karati 18 ni laini na inapata mikwaruzo upesi. Mkanda wa ngozi unaoza kwa jasho na mvua, kwa hiyo si saa ya kupanda nayo pikipiki kwenda Manguredjipa. Bei ya 1908 mpya ilianzia zaidi ya dola 20,000, pesa ambayo watu wengi wa Kivu ya Kaskazini hawataishika maishani. Cellini ya zamani ya kuzungusha kwa mkono inapatikana kwa dola elfu chache, lakini nazo si pesa za mchezo. Kwa wengi ni mtaji mzima wa butiki. Anayesoma haya akiwa na dola 50 asijione ametengwa. Hoja ni ile ile kwa saa yoyote ya bei ndogo: ile nyembamba, yenye namba chache na mkanda wa kawaida, itadumu na heshima yake kuliko ile kubwa yenye mishale mitatu ya mapambo isiyotembea.

Mishale hiyo isiyotembea ndiyo alama ya saa bandia zinazojaa katika masoko yetu. Waigaji huiga zaidi kile kinachotambulika, yaani Submariner na Daytona. Matokeo yake yanachekesha: mtu aliyelipa maelfu ya dola kwa Submariner halali anaingia Butembo na kila mtu anaamini kwamba ameinunua sokoni. Ng'ambo ya mpaka ndiyo kabisa. Kuanzia Mpondwe hadi Kampala, ukisema rolex unaletewa chapati iliyokunjwa na mayai ndani, na kwa mwenye njaa hiyo ndiyo iliyo bora.

Kuhusu mpaka, kuna Cellini moja iliyostahili kujulikana hapa kuliko zote. Ni ile ya Dual Time ya mwaka 2014, yenye uso mdogo chini unaoonyesha saa ya nchi ya pili pamoja na alama ya mchana au usiku. Nchi yetu yenyewe ina saa mbili. Kinshasa ikiwa saa saba mchana, Beni ni saa nane, na mtu akivuka Kasindi kuingia Uganda anakuta ni saa tisa. Ni wafanyabiashara wangapi wamefika benki ya ng'ambo wakidhani wana saa nzima mkononi, kumbe Waganda wameshaimaliza? Rubani wa Pan Am alihitaji GMT-Master kwa safari ya kuvuka bahari. Mwenye lori wa Butembo anabadilisha saa kwa kuvuka daraja tu, na saa iliyofikiriwa kwa jambo hilo, ya dhahabu na ya kimya, ilikuwepo. Ikakosa wateja, ikafungwa.

Linalobaki ni dhahabu yenyewe, na hapa jambo linakuwa zito. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya Kivu ya Kaskazini na Ituri inatoka kwa magendo kupitia Uganda na kufika Dubai. Ikishayeyushwa haina tena jina la kijiji. Anayechimba analipwa kwa uzani mdogo, bei inapanda njiani, na mwisho wake ni vipande vilivyopigwa mhuri vinavyoingia katika viwanda vya dunia. Dhahabu ya karati 18 maana yake ni sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1,000. Kila saa ya namna hiyo, popote ilipotengenezwa, imebeba kazi ya mchimbaji fulani ambaye saa hiyo haitamfikia kamwe.

Na sasa bei ya dhahabu imefanya jambo ambalo wapenzi wa saa hawakulitazamia. Mwaka 2023 wakia moja ilipita dola 2,000. Machi 2025 ikapita 3,000, na Oktoba mwaka huo huo 4,000. Saa ya zamani ambayo hakuna anayeitaka inaanza kuhesabiwa kwa gramu. Mwenye duka anapiga hesabu: kama kasha lake lina thamani karibu sawa na ile ambayo mteja atatoa kwa saa nzima, kwa nini amngoje mteja? Saa za michezo za chuma ziko salama, kwa kuwa chuma kikiyeyushwa hakina bei. Zile nyembamba za dhahabu, zilizopuuzwa miaka 50, ndizo zilizo karibu na moto.

Mfanyabiashara wa Butembo anayepita katika soko la dhahabu la Deira, Dubai, akiiona moja kati ya vitu vya mtumba, aiombe aishike. Aizungushe kichwa na kuisikiliza, atazame mhuri wa 750 mgongoni, aulize karatasi zake, apime uzani kama anavyopima vumbi la Manguredjipa. Akiiacha, inaweza kununuliwa na mtu wa tanuru. Huyo atafungua mgongo kwa kisu, atatoa ile mashine ya Uswisi na kuiweka kando pamoja na mishale na kioo, kisha kasha litatupwa juu ya bangili na pete zilizovunjika.