Roho Imerejea, Deni Limebaki

Mtu akifariki Lamu, Malindi au Mombasa, swali lisilokawia ni hili: "Azikwa saa ngapi?" Swali hilo latokana na itikadi. Kwetu roho ni amana, na Mwenye amana akiichukua hapana wa kumteta. Qurani, katika Suratu Bani Israil, yatufahamisha kwamba roho ni jambo la Mola, na kwamba ilimu tuliyopewa wanaadamu ni chache. Kwa hivyo maiti hacheleweshwi. Huoshwa, huvishwa sanda, mwanamume nguo tatu na mwanamke tano, huswaliwa, akazikwa. Tajiri na hamali sanda yao ni moja.

Hayo ni mema. Lakini kaburi likisha kufukiwa, twasahau. Wako wanaoamini kwamba roho ya marehemu huzunguka nyumbani ikingoja karamu ya siku ya tatu, ya saba na ya arubaini. Khofu hiyo ikichanganyika na khofu ya maneno ya majirani, mjane hukopa mchele na mbuzi ili alishe watu walioshiba. Mlipaji ni nani? Ni yatima.

Sheria imekwisha panga. Mali ya marehemu hutoa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawiwe. Karamu haimo. Na Mtume (S.A.W.), ilipomfikia habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib vitani Muta mwaka wa 629, aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwani wamefikwa na zito. Sisi tumegeuza: mfiwa ndiye mpishi, jirani ndiye mgeni.

Hatusemi khitima isisomwe. Masheikh wamekhitalifiana juu ya hilo, na gazeti si mahali pa kulikata. Twasema, mwenye kutaka kumsomea nduguye na asome, na mwenye kutaka kutoa sadaka na atoe cha kwake, si cha yatima. Ikiwa kweli twaamini kwamba roho imerejea kwa Mola wake, basi haina njaa ya pilau yetu. Haja yake ni dua, na deni kulipwa. Basi tukutanapo matangani, kabla ya kuuliza mbuzi wangapi, na tuulizane: marehemu alikuwa akidaiwa na nani?