Sinki la Dada Limezama

Wiki hii nilipanga kuwamwagia habari za mitoko ya mwisho wa wiki, lakini nyumbani nimenuniwa, na mtu aliyenuniwa hana stimu ya kuzungumzia mitoko. Basi leo tunaingia jikoni. Usigeuze ukurasa, siyo mambo ya kukaanga vitunguu.

Ishu yenyewe iko hivi. Dada yangu mkubwa kajenga nyumba yake ndogo Mbagala, kwa hela ya upatu, tofali moja moja. Kilichobaki ilikuwa jiko. Makabati yakaja, na topu yake ya chipubodi nene, juu imepigwa fomaika inayong'aa kama marumaru. Jumapili upande wa shemeji mtarajiwa walikuwa waje na barua ya posa. Fundi akataka hela ya kukata tundu la sinki. Mimi bingwa nikadakia, "Dada, hela yote hiyo ya nini? Niachie mimi."

Jumamosi nikaazima jigiso kwa mshikaji wangu. Kwa wasioijua, ni ule msumeno mdogo wa umeme unaoshikwa mkononi, bledi yake nyembamba inapanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Na kweli cherehani ndiyo mama yake. Mwaka 1946 kule Uswisi, injinia Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla alitoa sindano kwenye cherehani ya mkewe akachomeka bledi ya msumeno. Mwaka 1947 mashine ikaingia sokoni. Sijui mkewe alimnunia siku ngapi.

Turudi Mbagala. Nikalifunika sinki juu ya topu, nikalizungushia penseli, nikawasha mashine, nikakata juu ya mstari ule ule. Fomaika ikawa inaruka vipande kama maganda ya karanga. Nilipomaliza nikaweka sinki. Likazama lote, puu, mpaka ndani ya kabati. Dada kasimama mlangoni kashika kanga. Hakunigombeza. Aliitandika ile kanga juu ya tundu, akatoka. Wageni walikuja, barua ikapokelewa, vyombo vikaoshwa uani kwenye beseni. Mpaka leo salamu yangu anaijibu kwa kichwa.

Jumatatu nikajipeleka Keko kwa fundi mmoja wa fanicha, mtu mzima, nikampa kisa chote. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mdogo wangu, ulikuwa na bledi gani?"

"Ile iliyokuwemo, fundi."

"Iliyokuwemo! Kwani wewe ukienda kunyoa unatumia wembe uliokuwemo?"

Somo likaanzia hapo. Bledi ya kawaida ya jigiso meno yake yanatazama juu, kwa hiyo inakata inapopanda, na inapopanda inainyanyua fomaika na kuibanja. Dawa ziko mbili. Ya kwanza, geuza topu, sura nzuri itazame chini, ukate kutokea mgongoni. Lakini angalia, ukigeuza ubao kulia kunakuwa kushoto, usije ukatoboa tundu la bomba upande usio na bomba. Ya pili, ukilazimika kukata kutokea juu, nunua bledi yenye meno yanayotazama chini. Kwa Bosch, kwa mfano, bledi safi ya mbao inaandikwa T101B, na ile ya meno yaliyogeuzwa ni T101BR. Hiyo ya kugeuza inaisukuma mashine juu, kwa hiyo uikandamize kwelikweli, la sivyo inakurukia.

Halafu hesabu meno. Bledi yangu ilikuwa na meno sita kwa inchi, ambayo ni ya kupasulia mbao haraka, hata ikiacha makovu hakuna anayejali. Kwa topu yenye fomaika tafuta meno kumi kwa inchi. Ile yenye meno madogo kama ya panya ni ya chuma, kwenye chipubodi itaunguza tu. Na gundi ya chipubodi inamaliza makali upesi, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu chukua ya metali mbili, inadumu kuliko ya chuma cha kawaida. Urefu nao usiupuuze. Topu nyingi zina unene wa milimita 38 hivi, na bledi inapopanda juu kabisa ncha yake lazima bado ionekane chini ya ubao. Ikiwa fupi inagonga ndani na kupinda. Ukiisukuma kwa pupa inapinda vilevile, juu utaona mstari umenyooka kumbe chini umekwenda Chalinze.

Mashine yenyewe sasa. Ukienda kununua Gerezani usibabaike na rangi. Tazama vitu vinne vitano: iwe na swichi ya kupunguza mwendo, iwe na kile kiteo cha kuitikisa bledi mbele na nyuma, ambacho kwa kazi safi unakiweka sifuri (mimi nilikiweka mwisho kabisa, nikidhani ndiyo nguvu), sahani ya chini iwe imenyooka, siyo inayocheza, na kishikio cha bledi kipokee shina lenye umbo la T, manake ndizo bledi zinazopatikana kirahisi. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye umeme mbele yako. Nguvu, wati 600 na kupanda inatosha kwa jiko la nyumbani. Ya betri tamu, ila hakikisha betri ya akiba inauzwa hapo hapo.

Kama topu ni ya graniti, weka jigiso chini, hiyo ni kazi ya grainda na diski ya almasi. Na kwa mkato mrefu ulionyooka, wa ukuta hadi ukuta, fundi anasema msumeno wa mviringo unaishinda jigiso kila siku. Jigiso ufalme wake ni kona na matundu.

Na mstari? Hapa ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Sinki linakaa kwa kuning'inia kwenye ukingo wake, kwa hiyo tundu lazima liwe dogo kuliko sinki. Ndani ya boksi huwa kuna karatasi ya kipimo. Yangu nilifungia maandazi. Ukiikosa, zungushia penseli, kisha ingia ndani sentimita moja hivi kwa kufuata upana wa ukingo, ndipo ukate. Toboa pembe nne kwa drili kwanza, bledi ipate pa kugeukia. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi za magari, juu ya mstari na chini ya sahani ya mashine isichubue. Kipande cha katikati kishikiliwe kutoka chini, kikianguka chenyewe kinang'oka na fomaika. Ukimaliza, paka vanishi au silikoni kwenye mdomo wa tundu, chipubodi ikinywa maji inavimba kama andazi. Miwani ya macho usisahau.

Topu mpya nimeinunua kwa malipo ya safu hii, wiki tatu zimekwenda hapo. Bledi mbili ziko mfukoni. Jumamosi naenda Mbagala tena. Nimetuma ujumbe, dada kajibu kwa mara ya kwanza: nije, lakini mstari atachora yeye, na futi kamba atashika yeye.