Ukurasa wa Nyumbani: Mwanagenzi na Sweta ya Kwanza

Mji wa Eldoret umejengwa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za mwezi wa Julai katika mtaa wa Pioneer huwa na baridi kali, na mtoto aendaye shule hana budi kuvaa sweta. Mama aliyenunua moja mwaka huu aghalabu hulazimika kununua nyingine mtoto akikua, na mwenye watoto watatu hununua tatu. Basi si ajabu kwamba wako watakao kujifunza kufuma kwa mikono yao. Uzi hauko mbali, maana kiwanda cha Ken-Knit kimo mjini humo.

Ajuaye kroshia asidhani ya kuwa amekwisha kujua kufuma. Katika kroshia aghalabu kitanzi kimoja tu hukaa kwenye kulabu, na kikitoroka hasara ni ndogo. Katika kufuma, vitanzi vyote vya mstari hukaa wazi juu ya sindano, na kimoja kikianguka huteremka mstari hata mstari, kikiacha alama kama ya ngazi. Mwanagenzi akiona hivyo asifumue kazi yote. Achukue kulabu ya kroshia, akinase kitanzi, avute nyuzi za ngazi ile moja moja mpaka juu, kisha akirudishe sindanoni.

Mishono ya msingi ni miwili tu. Katika mshono wa kawaida uzi hukaa nyuma. Sindano ya kulia hutiwa katika kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, uzi huzungushwa nchani, kitanzi kipya huvutwa, na cha zamani huachwa kishuke. Katika mshono wa kinyume uzi hukaa mbele, na sindano huingia kutoka nyuma kuja mbele. Afumaye mshono wa kawaida mistari yote hupata kitambaa chenye matuta pande zote mbili, mfano wa shamba la viazi. Abadilishaye mstari kwa mstari hupata uso laini kama wa sweta za dukani, lakini kingo zake hujikunja. Kwa hiyo pindo hufumwa kitanzi kimoja cha kawaida na kimoja cha kinyume, nalo hunyumbuka na kushika mwili.

Kosa la wanagenzi karibu wote ni kutohesabu. Mtu huanza na vitanzi 30, na baada ya kitambo ana 37, nacho kitambaa kimetanuka kama ungo. Vitanzi hivyo huzaliwa pembeni: uzi ukivutwa juu ya sindano mwanzoni mwa mstari, kitanzi cha kwanza huonekana viwili, naye hufuma vyote. Ahesabu kila mwisho wa mstari, ijapokuwa inachosha.

Lililo zito zaidi ni kipimo. Mtoto mwenye kifua cha sentimita 60 yafaa apate sweta ya 66, basi kipande cha mbele kiwe 33. Kitabu kikisema vitanzi 20 hufanya sentimita 10, mama ataanza na vitanzi 66. Lakini ikiwa mkono wake hukaza, akapata vitanzi 24 mahali pa 20, kipande kitakuwa sentimita 27 na nusu, na sweta nzima 55. Itambana mtoto, na uzi umekwisha kununuliwa. Angalifuma kwanza kipande kidogo cha mraba na kukipima kwa rula, angalijua mapema, akabadili sindano na kuchukua nene zaidi. Wenye vitabu vya zamani vya Kiingereza wajihadhari, maana namba za sindano zilikwenda kinyume: namba 8 ilikuwa milimita 4, na namba 12 ni nyembamba kuliko hiyo.

Mkono haushindani na mashine kwa kasi. Hilo limejulikana tangu William Lee wa Uingereza alipobuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Afumaye ili auze atapata ujira mdogo. Faida iko kwa mtoto wa nyumbani, maana sweta ya mkono ikimbana hufumuliwa, uzi ukaoshwa na kunyoshwa, ukafumwa upya pamoja na donge moja jipya. Sweta iliyokatwa katika kitambaa na kushonwa kwa cherehani haifumuliki hivyo, kwa kuwa nyuzi zake zimekatwa kila mstari.

Atakaye kuanza anunue donge moja tu la uzi mnene, wa rangi nyeupe au ya manjano. Katika uzi mweusi vitanzi havionekani vema kwa taa ya usiku.