Acheni Kuwalilia Vijana wa Intaneti

Leo sitaandika juu ya lugha za programu wala hifadhidata. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na ule wimbo unaoimbwa harusini, matangani, barazani na hata redioni: eti vijana wa siku hizi wameharibiwa na intaneti. Eti sisi tulikua vizuri, tukacheza nje na kusikiliza hadithi za wazee, na watoto wa leo wameinamia simu tu. Cha kuchekesha ni kwamba wengi wanaouimba wanausambaza kwa WhatsApp!

Ukiuimba wimbo huo Nairobi naweza kukuvumilia. Ukiuimba hapa Isiolo, umesahau historia. Tukumbushane kidogo.

Mkoloni aliifanya kaskazini ya Kenya kuwa eneo lililofungwa. Hukuingia wala kutoka bila kibali, na Isiolo ndiyo iliyokuwa lango. Uhuru ulikuja 1963, ikaja na vita vya Shifta na sheria za hali ya hatari ambazo hazikufutwa mpaka 1991. Katikati ya hayo, mwaka 1965, serikali ikatoa ule Waraka Nambari 10 maarufu, uliosema fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme. Yaani aliyenacho aongezewe! Barabara ya lami kutoka Nairobi ilikomea Isiolo kwa miongo mingi. Ile ya kwenda Moyale, kilomita 500 hivi, imekamilika katika miaka ya 2010.

Sasa niambie, ndugu msomaji: kijana aliyekua wakati huo alijua nini? Alijua kilichobebwa na lori. Kitabu kilifika lori likifika. Gazeti lilifika likiwa limeshachakaa. Kule Garissa ilibidi huduma ya maktaba ya taifa ianze kubebesha ngamia vitabu mwaka 1996, na lilikuwa jambo zuri sana, lakini fikiria maana yake: elimu yako inategemea ngamia atapita lini. Huo ndio utoto mnaoutamani?

Mwaka 2007 ikaja M-Pesa. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikaunganishwa Mombasa, na Kenya ikaacha kutegemea setilaiti ghali zilizokokota kurasa kama punda mwenye mzigo. Kwa mara ya kwanza, kijana wa Isiolo akaweza kufungua ukurasa uleule anaofungua kijana wa London, siku ileile. Bado hakuna usawa, nitafika huko. Lakini hakuna waziri, mfadhili wala mbunge aliyewahi kutupa kitu kikubwa kama hicho.

Mfano wa kazi yangu. Picha za setilaiti za Landsat zamani ziliuzwa, na picha moja iliweza kugharimu dola 600 au zaidi. Mwaka 2008 Marekani ikazifanya bure kwa kila mtu. Kisha Ulaya ikarusha setilaiti zake za Sentinel-2, ya kwanza 2015 na ya pili 2017, ambazo kwa pamoja zilipita juu ya malisho yetu kila siku tano hivi, na picha zake pia ni bure. Kipimo cha ukijani wa majani kutoka angani ndicho kilichotumika Marsabit kuanzia 2010 kwenye bima ya mifugo: malisho yakikauka kupita kiwango fulani, mfugaji analipwa. Kijana wa kidato cha tatu mwenye kompyuta na mtandao anaweza leo kupakua picha hizohizo, akaandika mistari ishirini ya Python, akaona mwenyewe jinsi nyasi kando ya Ewaso Nyiro zilivyobadilika mwezi kwa mwezi. Babu yake alikuwa bingwa wa kuisoma nchi kwa miguu. Mjukuu anaweza kuisoma kwa miguu na kutoka angani pia. Huyo ndiye mnayesema amepotea?

Najua mtajibu: "Lakini wao wanaangalia upuuzi tu!" Haya, twende polepole.

1. Upuuzi haukuletwa na intaneti. Rika letu lilikodi kanda za video za karate na kukaa vibandani mchana kutwa. Hakuna aliyetuita kizazi kilichopotea.

2. Kamari za simu ni balaa, nakubali. Lakini kampuni za kamari zimesajiliwa na watu wazima, zimepewa leseni na watu wazima, na matangazo yake yamesomwa redioni na watu wazima. Msimlaumu mtoto kwa mtego mlioutega wenyewe.

3. Vijana hawa wanaoitwa wavivu ndio waliosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza. Waliandamana, wengine wakauawa, na tarehe 26 Juni rais akakataa kuutia sahihi. Ni wangapi kati yenu mliwahi kusoma mswada?

Na hapa nina ugomvi wa pili, na wale wanaowasifu vijana wa dijitali jukwaani kisha kuwakamata. Mei 2025 mtunga programu Rose Njeri alikamatwa kwa sababu alitengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga mswada wa fedha wa mwaka huo. Tovuti ya barua pepe! Akashtakiwa kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Mwezi Juni mahakama ikaitupa kesi hiyo. Vizuri, lakini ujumbe ulishafika: chezeni, lakini msijenge.

Kwa hiyo kama kweli mnawahurumia vijana, acheni machozi na mtoe vitu. Mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 zikaanza kuja tableti, na shule isiyo na umeme itafanya nini na tableti? Kuna sehemu za kaunti hii ambako bado unapanda kilima ndipo upate mtandao. Watoto wa huko ndio waliokosa utoto mzuri, na sababu ni kwamba intaneti haijawafikia.

Nanyi vijana, thamanini mlichonacho. Mkikaa kwenye kompyuta, fungueni ukurasa wa tovuti, na kwa nyingi bonyezeni Ctrl pamoja na U. Huo msimbo mnaouona ndio uti wa mgongo wa ukurasa, hauna kufuli wala kibali cha DC. Usomeni, uvunjeni, andikeni wa kwenu, hata kwa Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kimeru au Kisomali.

Lango la Isiolo lilifungwa miaka mingi mno. Asiwepo wa kulifunga tena kwa kisingizio cha malezi.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tutabishana kwa heshima.