Neno la Mhariri: Hatima ya Tunda Baada ya Kuchumwa

Tunda lililochumwa bado li hai, kwani huendelea kupumua, kupoteza maji na, kwa matunda kama embe na ndizi, kutoa ethilini, gesi inayoliharakisha kuiva. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno kabla ya kumfikia muuzaji wa rejareja. Toleo hili linajadili njia mojawapo ya kupunguza hasara hiyo, yaani nanoteknolojia ya mimea, ambayo hutumia viambata vya mimea vilivyotengenezwa kwa vipimo vya nanomita, sehemu moja ya bilioni ya mita.

Mfano ulio karibu ni heksanali, kiambata ambacho mimea hujitengenezea na ambacho huchangia harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Heksanali hukizuia kimeng'enya cha fosfolipasi D, kinachovunjavunja utando wa seli kadiri tunda linavyozeeka, hivyo nyama ya tunda huchelewa kulainika. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Nairobi vilishirikiana na Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada, pamoja na taasisi za India na Sri Lanka, kukichunguza kiambata hicho, ambacho hunyunyiziwa matunda yakiwa mtini, hutumika kuyachovya baada ya kuchumwa, au hutiwa katika vifungashio vya nyuzi nano vinavyokiachia kidogo kidogo. Selulosi ya nyuzi kama hizo hupatikana hata katika shina la mgomba, ambalo hukatwa na kuachwa shambani mkungu ukishatolewa.

Hata hivyo, asili ya mimea pekee si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa chembe ndogo kiasi hicho huweza kutenda tofauti na kitu kilekile kikiwa katika umbo kubwa. Aidha, hakuna kiambata kitakachoponya chungwa lililopondeka ndani ya lumbesa wala nyanya iliyobanwa tengani. Teknolojia hii itastahili sifa pale tu mkulima wa machungwa wa Muheza na wa maembe wa Makueni watakapoimudu bei yake. Kwa hiyo watafiti waipime mashambani na sokoni, mamlaka za viwango ziweke kanuni mapema, na serikali zigharimie uzalishaji wake hapa hapa, ambako malighafi haikosekani.